Vidonge vya minyoo Busia: nani alihesabu, na alihesabu nini

Mwaka 1998 shirika la Kiholanzi lililojulikana kama ICS lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule za msingi za tarafa za Budalang'i na Funyula, wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya. Shule zilikuwa 75, wanafunzi zaidi ya 30,000. Budalang'i ni nchi ya mafuriko kando ya Ziwa Victoria, na mvua za El Niño zilikuwa zimeshaiacha ardhi imelowa. Vipimo vya choo vilivyofanywa kwa sampuli ya wanafunzi katika shule za kwanza vilitoa picha ya kutisha: asilimia 92 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Wenye minyoo ya safura walikuwa asilimia 77, wenye minyoo mjeledi 55, wenye minyoo ya duara 42, na wenye kichocho 22. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na mzigo wa wastani au mzito, ule unaomfanya mtoto apungukiwe damu, aumwe tumbo na asinzie darasani.

Tiba yenyewe haikuwa na fumbo. Albendazole mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mtoto anayetembea peku huambukizwa tena baada ya miezi michache. Kwa shule zenye kichocho kingi, praziquantel mara moja kwa mwaka. Gharama ya ugawaji wa namna hiyo, kwa hesabu zilizochukuliwa kutoka mradi kama huo nchini Tanzania, ilikuwa takriban nusu dola ya Marekani kwa mtoto kwa mwaka. Kwamba dawa inaua minyoo, hilo halikuhitaji utafiti. Swali lilikuwa mtoto mwenyewe anapata nini baada ya minyoo kutoka.

Hapo ndipo miradi mingi ya hisani inapoishia njiani. Sisi tunaoandika ripoti za wafadhili tumezoea safu moja kwenye jedwali: watoto waliofikiwa. Elfu tano wamemeza vidonge, elfu tatu wamekunywa uji. Hiyo ni hesabu ya stoo, inaonyesha mzigo umetoka. Busia pia ingeweza kuishia hapo, na ripoti yake ingekuwa nzuri tu.

Kilichoizuia isiishie hapo ni upungufu. ICS haikuwa na fedha wala watu wa kuanza shule zote 75 kwa mara moja, kwa hiyo ingeanza na baadhi, nyingine zisubiri. Mashirika yote hupitia hali hii, na kwa kawaida wanaoanza ni wale walio karibu na barabara, au wenye mwalimu mkuu mchangamfu, au walio kwa mheshimiwa fulani. Wachumi Michael Kremer na Edward Miguel, waliokuwa wakifanya kazi na shirika hilo, walipendekeza foleni isiyo na mwenyewe. Shule zilipangwa kwanza kwa maeneo na kwa miradi mingine ya ICS iliyokuwamo, kisha kwa alfabeti, halafu zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Shule 25 zilianza 1998, 25 nyingine 1999, na 25 za mwisho zikafikiwa 2001.

Hakuna aliyenyimwa ambaye vinginevyo angepata, maana fedha hazikuwepo. Lakini kwa miaka miwili ya mwanzo kulikuwa na shule zinazofanana kwa kila hali, tofauti yake ikiwa kidonge tu. Wakosoaji walikuja kusema baadaye kwamba alfabeti si bahati nasibu kamili, na kwa maandishi ya vitabu wako sahihi. Mimi ningeomba mmoja anieleze jinsi jina la shule kuanza na B badala ya N linavyoweza kupunguza safura.

Kwa nini usumbufu wote huu, wakati mtu angeweza kulinganisha tu shule zenye mradi na zisizo nao? Jibu lilikuwa limeshapatikana Busia kwenyewe, kwa shirika lilelile. Kulikuwa na mradi wa chati za ukutani za kufundishia. Ulipolinganisha shule zilizokuwa nazo tayari na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kuinua alama za mitihani kwa kiasi cha kuvutia. Watafiti walipochukua shule 178 na kuzigawia nusu yake kwa utaratibu wa nasibu, tofauti ilikuwa sifuri. Shule yenye chati ukutani ilikuwa tayari ina mkuu anayehangaika, wazazi wanaochanga na paa lisilovuja. Chati ilikuwa inasifiwa kwa kazi ya watu. Nikiambiwa nichague utafiti mmoja wa kuwasomesha maofisa wapya wa miradi, ningechagua huo wa chati kabla ya huu wa minyoo. Ni mfupi, na unauma.

Turudi kwenye vidonge. Siku ya dawa darasani si jambo la ajabu: orodha ya majina mezani, maji ya kunywa, mtoto anameza mbele ya mtu mzima, jina linatiwa alama. Wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa, kwa hofu ya kumdhuru mtoto aliye tumboni endapo mmoja wao ni mjamzito. Walioandikishwa na wakakosa shule siku hiyo hawakupata. Mwaka wa kwanza wanafunzi takriban watatu kwa kila wanne waliostahili walimeza. Kumbuka robo hiyo iliyobaki, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya kusisimua zaidi ya kisa chote.

Kazi ngumu ilikuwa kupima mahudhurio. Daftari la mahudhurio lipo kila shule, na kila aliyewahi kufundisha anajua linavyojazwa: Ijumaa mchana, kwa kalamu moja, wiki nzima. Watafiti waliliweka kando. Waliwatuma wasaidizi kufika shuleni bila taarifa, na orodha yao wenyewe, kuita majina na kuangalia nani amekaa kwenye dawati. Aliyeacha shule kabisa alihesabiwa kuwa hayupo, hakufutwa kwenye orodha. Hilo la mwisho ni dogo kulisoma, lakini lina uzito. Ukiwaondoa walioacha shule, mahudhurio hupanda yenyewe, na mradi wowote utaonekana kuwa umefaulu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica. Mwanzoni mwa 1999, wanafunzi wenye mzigo wa wastani au mzito wa minyoo walikuwa asilimia 27 katika shule zilizotibiwa na asilimia 52 katika shule zilizokuwa bado zinasubiri. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Ukigawanya gharama kwa mahudhurio yaliyoongezeka, mwaka mmoja zaidi wa mtoto kuwa darasani uligharimu kama dola 3.50. Alama za mitihani hazikusogea hata kidogo.

Tuyasome hayo kama mfadhili mwenye mkataba wa miaka mitatu ambaye kiashiria chake kikuu, kilichoandikwa kabla mradi haujaanza, ni “kuboresha matokeo ya kujifunza”. Mradi umefeli. Fungueni faili jingine. Mfadhili wa pili, mwenye kiashiria cha mahudhurio, angepiga picha na kuomba mabango. Mradi ni uleule na watoto ni walewale, ila mtu mmoja aliyeketi ofisini miaka mitatu nyuma alichagua neno moja badala ya jingine. Na katika miaka hiyo mitatu hakuna kati ya wafadhili hawa wawili ambaye angejua kilichotokea baadaye.

Sasa ile robo ambayo haikumeza. Wanafunzi wa shule zilizotibiwa ambao hawakupata dawa nao walipungukiwa na minyoo, na nao walianza kuonekana shuleni zaidi. Ukijua minyoo inavyosafiri, hakuna muujiza. Mayai hutoka na choo, huingia kwenye udongo, na udongo wa uwanja wa shule ni wa wote. Watoto wengi wakitibiwa kwa pamoja, udongo hupata nafuu, na jirani hunufaika bila kuonja kidonge. Athari ya jambo hili kwa upimaji ni kubwa kuliko linavyosikika. Tafiti za awali ziliwagawa watoto ndani ya shule moja, huyu dawa, yule kidonge bandia, kisha zikawalinganisha. Ikiwa yule wa kidonge bandia naye anapona kidogo kwa sababu ya mwenzake, tofauti kati yao hupungua, na dawa huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Ndiyo maana Busia waligawa kwa shule nzima.

Mchumi Owen Ozier aliifuata njia hiyo hadi kwa watoto wadogo zaidi. Alijiuliza: vipi wale waliokuwa wachanga majumbani wakati kaka na dada zao wanapewa vidonge shuleni? Hawa hawakupewa chochote na hawakuwa kwenye jedwali la mtu yeyote. Aliwapima kiasi cha miaka kumi baadaye, kwa mitihani ya kufikiri. Waliokuwa chini ya mwaka mmoja wakati jamii yao inatibiwa walikuwa mbele kwa kiwango kinacholingana na nusu mwaka hadi miezi tisa na ushee ya masomo. Faida kubwa kabisa ya ufahamu iliyowahi kuonekana katika mradi huu iliwaangukia watoto ambao mradi haukuwa na habari nao. Anayeandika pendekezo la mradi leo angewaweka wapi hao? Safu ya “walengwa” haina nafasi yao.

Nisiache mtu adhani kila kizuri cha Busia kilienea namna hiyo. Katika eneo hilohilo, Busia na Teso, ICS iliwahi kuwapa uji wa asubuhi watoto wa chekechea, na Kremer pamoja na Christel Vermeersch wakaupima kwa shule 25 zenye uji na 25 zisizo nao. Mahudhurio yalipanda kwa asilimia 30. Kila mama angetabiri hilo bila mtafiti. Lakini kupika, kugawa na kuosha vikombe kulikula muda wa kufundisha, na madarasa yakajaa. Alama ziliboreka mahali ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu. Kwingine, watoto walishiba tu. Kushiba si jambo dogo kwa mtoto wa miaka minne, na mimi nisingeufunga mradi huo. Ila ningetaka kujua kabla ya kupika kwamba fungu la uji linahitaji kuandamana na mtu wa kupika ambaye si mwalimu.

Ugomvi wenyewe ulifika mwaka 2015. Kremer na Miguel walikuwa wameziweka data zao wazi, jambo ambalo wengi hawalifanyi, na kikundi cha wataalamu wa magonjwa kutoka London kilizichukua na kurudia hesabu zote. Walikuta makosa. Kubwa lilikuwa kwenye faida ya majirani wa mbali. Makala ya awali ilisema dawa ilisaidia hata shule zilizo umbali wa kilomita 6, kumbe programu ya kompyuta ilikuwa imezihesabu shule 12 za karibu tu badala ya zote zilizokuwa ndani ya duara hilo. Hesabu iliporekebishwa, faida ya kati ya kilomita 3 na 6 ilififia. Waandishi walikiri kosa, wakashikilia kwamba faida ya majirani wa karibu zaidi ilibaki imara.

Sehemu ya pili ya ukosoaji ilikuwa ngumu zaidi kuamua. Wataalamu hao waliuchambua upya utafiti kwa kanuni za majaribio ya tiba, kila mwaka peke yake, na kusema ushahidi wa mahudhurio ni dhaifu kuliko ulivyotangazwa. Wachumi wakajibu kwamba ukiikata data vipande, kila kipande lazima kiwe dhaifu. Magazeti yakaliita jambo hilo vita vya minyoo, na wiki kadhaa maprofesa wakatupiana maneno ambayo kwa kawaida husikika stendi ya matatu. Kwangu mimi, pande zote zilikuwa na hoja, na aliyefaidika ni msomaji. Ni mradi gani wa hisani unaoujua ambao mtu wa nje aliwahi kurudia hesabu zake mstari kwa mstari?

Kulikuwa pia na ushahidi wa kwingine uliovuta upande tofauti. Jimbo la Uttar Pradesh, India, watoto zaidi ya milioni moja wa chini ya miaka sita walihusishwa katika jaribio la albendazole kila miezi sita. Matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha mabadiliko madogo mno katika uzito na vifo. Mashariki mwa Uganda, kwa upande mwingine, watoto wadogo waliopewa dawa kwenye siku za afya waliongezeka uzito zaidi ya wenzao, na mtafiti Kevin Croke alipofuatilia parokia (maeneo ya utawala) hizohizo miaka baadaye kwa kutumia takwimu za Uwezo, mradi unaopima watoto kusoma na kuhesabu, alikuta wanasoma na kuhesabu vizuri zaidi. Minyoo ya Uttar Pradesh ilikuwa michache na myepesi ikilinganishwa na ya Budalang'i baada ya mafuriko. Kumtibu asiye na mzigo mzito hakuleti nafuu kubwa. Kwa hiyo anayeuliza “je, dawa ya minyoo inafaa?” bila kutaja mahali, hajauliza swali linaloweza kupimwa.

Kilichofanya kisa hiki kiwe tofauti na vingine vyote, kwa maoni yangu, kilianza 2003, na si hesabu ya kichumi. Ni orodha. Watafiti walichukua sampuli ya watu takriban 7,500 kati ya wale wanafunzi na kuamua kuwafuata popote waendako. Huyu amehamia Nairobi, yule ameolewa ng'ambo ya mpaka Uganda, mwingine amebadilisha jina. Mtu anatumwa kwa wazazi, anapewa namba ya simu ya shangazi, anaanza tena. Walirudi awamu baada ya awamu, na hata baada ya miaka 20 waliwapata zaidi ya wanane kwa kila kumi. Katika nchi ambayo shule nyingi haziwezi kukuambia waliomaliza darasa la nane miaka mitano iliyopita wako wapi, hiyo ni kazi ya kuvulia kofia, na walioifanya ni vijana wa Kenya wenye mikoba na fomu, ambao majina yao hayako kwenye tuzo ya Nobel aliyoipata Kremer mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Orodha hiyo ilitoa majibu ambayo 2001 yasingeweza kuonekana. Mwaka 2021 walichapisha kwamba watu wazima waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa utotoni walikuwa wanatumia asilimia 14 zaidi katika matumizi ya nyumbani na kulipwa asilimia 13 zaidi kwa saa. Faida ilionekana zaidi kwa wanaume kuliko wanawake, na makadirio yenyewe yana upana mkubwa, kwa hiyo si ya kuyachonga kwenye jiwe. Kisha mwaka 2023 ukaja uchambuzi wa kizazi kinachofuata: watoto wa wale wanafunzi. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 22 katika familia ambazo mzazi alipata dawa zaidi. Yaani mitihani haikusogea, lakini mishahara ilisogea, na vifo vya watoto ambao walikuwa hawajazaliwa navyo vikasogea.

Unafanyaje ukiwa na fedha za kugawa na ushahidi wa namna hii, mzito upande mmoja na wenye nyufa upande mwingine? Shirika la GiveWell la Marekani, linalowashauri wafadhili, lilichagua njia ninayoipenda kwa ukweli wake hata kama inaonekana kama ya muuza duka. Lilichukua ongezeko la kipato lililopimwa Busia na kulikata hadi asilimia 13 ya ukubwa wake, kwa kuwa haliamini kwamba yote yangejirudia kwingine, kisha likauliza kama hata hivyo inalipa. Kwa sababu kidonge ni cha bei ya chini mno, mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo. Hata hivyo mwaka 2022, lilipokaza masharti ya orodha yake ya juu, mashirika ya dawa za minyoo yaliondolewa humo kwa sababu uhakika haukutosha. Kukata namba yako mwenyewe hadharani namna hiyo, mashirika yetu bado hatujathubutu.

Kuna jambo moja la Busia ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Mwaka 2001 baadhi ya shule, zilizochaguliwa kwa nasibu, zilianza kuwatoza wazazi mchango mdogo, wastani wa kama senti 30 za dola kwa mtoto, ili mradi uwe “endelevu”. Waliomeza dawa walishuka kutoka asilimia 75 hadi 18 hivi. Mzazi wa Funyula hakuwa mjinga. Alikuwa anaombwa kulipia kitu ambacho sehemu ya faida yake inakwenda kwa mtoto wa jirani. Uendelevu ulikuja kwa mlango mwingine, pale serikali ya Kenya ilipoanzisha mradi wa kitaifa wa kutibu minyoo shuleni mwaka 2009 na kuupanga upya 2012. Dawa ni bure, walimu ndio wagawaji, na watoto wa chekechea wamo. Vipimo vya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, katika shule za sampuli vilikuta wenye minyoo ya udongo takriban theluthi moja mwaka 2012, na kama nusu ya hao miaka michache baadaye.

Shirika dogo la Kitui au Kigoma halitapata fedha za kuwafuata watoto 7,500 kwa miaka 20. Za Busia zilitoka kwa taasisi kubwa za utafiti za ng'ambo. Lakini foleni ya vijiji ipangwe kwa kura mbele ya wazee badala ya kupangwa ofisini, mahudhurio yahesabiwe kwa macho, na majina ya watoto pamoja na ya wazazi wao na kijiji chao yaandikwe vizuri na kuhifadhiwa kwa siri mradi ukishafungwa. Hayo matatu ni kazi ya karani mmoja na kabati lenye kufuli. Ugumu utakuwa kwenye bajeti, kwa sababu mfadhili atauliza kabati hilo linawafikia watoto wangapi.